Ndizi zikistawi, zabibu zitastawi? Dhana potofu kuhusu mzabibu nyanda za juu kusini

Kila anayerudi Mbeya kutoka Dodoma na vipando vya mzabibu vimeviringishwa kwenye gunia bichi husikia ushauri uleule: panda Rungwe, kule udongo hauna mpinzani. Ushauri unatolewa kwa nia njema, na umeshamaliza fedha za familia nyingi kwenye nguzo na waya. Naupenda mzabibu, na ningefurahi kuuona ukizaa vizuri huku kwetu, kwa hiyo naanza na hilo la Rungwe.

"Udongo wa Rungwe unaotesha chochote"

Ni kweli kwamba udongo wa majivu ya volkano una rutuba nyingi. Ndizi, chai na parachichi ni ushahidi tosha. Ila mzabibu ukipewa rutuba na maji bila kikomo hujaza majani na matawi. Vishada hubaki kivulini, hewa haipiti, na ndipo magonjwa ya kuvu, ubwiri vinyoya na ubwiriunga, huingia. Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma, kitovu cha zabibu nchini, hupata kama 570 tu, na miezi mingi haioni tone.

Volkano yenyewe haina kosa. Miteremko ya mlima Etna kule Italia ina mashamba ya mizabibu ya tangu kale, na kisiwa cha Santorini, Ugiriki, kinalima mizabibu kwenye majivu matupu. Santorini ni pakavu, ndiyo maana inawezekana. Kabla ya kuuliza udongo ni mweusi kiasi gani, uliza maji hukaa humo muda gani.

"Baridi ya Njombe ni kama ya Ulaya, na mvinyo bora hutoka Ulaya"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mzabibu wa Ulaya hulala usingizi wakati wa baridi. Hupukutisha majani na kungoja. Lakini hauivishi matunda kwenye baridi hiyo. Mwezi Juni, katika eneo la Champagne nchini Ufaransa, jua huwaka karibu saa 16 kwa siku, na zabibu hukua mchana huo mrefu wenye joto. Njombe mwezi Juni mchana haufiki saa 12, usiku huwa chini ya nyuzi 10, na mabondeni sakitu, yaani umande ulioganda, huunguza machipukizi. Mzabibu hukua kwa shida joto likishuka chini ya nyuzi 10.

Halafu angalia mpangilio wa mwaka wetu. Miezi yenye joto la kutosha, Desemba hadi Machi, ndiyo ya mvua. Miezi mikavu huanza na kipupwe. Joto na ukavu hukutana kwa muda mfupi tu, hasa Septemba na Oktoba, mpaka mvua zirudi Novemba. Ukitaka vishada viive bila kuoza, viive katika dirisha hilo.

Kwa bahati nzuri, kwenye nchi za joto mkulima ndiye anayeuamsha mzabibu, kwa mkasi. Usipopogolewa huendelea tu kutoa majani ovyo. Ukipogolewa huchipua upya na kuanza safari ya matunda. Ndivyo Dodoma wanavyovuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti na Septemba. Huku juu siku za kuiva huongezeka kwa sababu ya baridi, kwa hiyo tarehe ya kupogoa ya Dodoma usiinakili. Hesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba yako mwenyewe.

"Ukipanda juu zaidi, zabibu huwa bora zaidi"

Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa kama nyuzi 0.6. Usiku wa baridi huisaidia zabibu kutunza uchachu wake, na jua kali la milimani huongeza rangi kwenye ganda. Mkoani Salta, Argentina, kuna mashamba ya mizabibu yaliyopita mita 3,000. Ila anga lile ni la jangwa, halina ukungu. Mwinuko wenye mawingu siku nzima hutoa tunda chachu lisiloiva.

"Mzabibu ni mmea wa ukame, hauhitaji maji"

Unahitaji. Miche michanga hufa bila maji, na zao la kiangazi hutegemea umwagiliaji hata Dodoma. Usiloweke mizizi, basi.

"Mawe ya shambani hutia ladha kwenye mvinyo"

Mizizi hainyonyi ladha ya mawe. Hunyonya maji na virutubisho vilivyoyeyuka humo. Ladha hutengenezwa ndani ya tunda na baadaye wakati mchuzi wa zabibu unapochachuka. Mawe yana kazi nyingine: hupitisha maji upesi na kutunza joto la mchana.

"Mkoa mmoja, hali moja"

Panda gari Mbeya kuelekea Kyela utazame kinacholimwa. Isongole viazi, Kiwira ndizi, Tukuyu chai, na chini kabisa kakao na mpunga. Safari ya saa chache, tabianchi nne. Iringa nako Mufindi ni chai na ukungu, huku Ismani na Pawaga zikikauka nyuma ya milima. Mimi ningeanzia pande hizo kavu, au kwenye kingo za bonde la Usangu zenye mteremko na kichanga. Mbuga nyeusi ya mpunga ningeiacha, kwa sababu mzabibu hukosa hewa kwenye mfinyanzi unaoshika maji.

Hata shamba la ukoo mmoja huwa na tofauti: bondeni baridi ya usiku hutuama, katikati ya mteremko hupita. Kabla ya kununua nguzo hata moja, chimba shimo la mita moja juu, lingine katikati, na la tatu chini. Yajaze maji jioni, kisha rudi asubuhi uone lipi limebaki na maji.