Kibanda cha mlimani ni kitu gani?

Neno "kibanda" linapotosha kidogo. Mjini kibanda ni pale unaponunua vocha au chipsi mayai. Mlimani ni nyumba ya kulala wapandaji, iliyojengwa mahali ambapo gari la abiria halifiki na ambapo hakuna mtu angejenga makazi yake. Unalipia kitanda, si chumba. Unalala na watu usiowajua, na kesho unapisha, maana kuna wengine wako njiani wanapanda.

Tuchukue mfano wa Kilimanjaro. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni njia za mahema. Marangu ndiyo njia ya vibanda, navyo ni vituo vitatu: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, msitu ukiwa karibu kwisha, Horombo kwenye mita 3,720, kati ya vichaka na yale masenesio makubwa, mimea ya mlimani inayofanana na migomba iliyokauka, halafu Kibo, mita 4,700 na ushei, ambako ni mawe na vumbi tu. Kwa sababu ya vitanda hivyo Marangu imebandikwa jina la "njia ya Coca-Cola", yaani nyepesi kama soda. Mimi jina hilo silipendi. Kitanda hakipunguzi mwinuko hata hatua moja.

Hapo ndipo penye maana halisi ya kibanda. Kazi yake si kukupa starehe, wala si kukukinga na mvua tu, maana hema nalo hukinga. Ni kituo cha kuuzoesha mwili. Hewa ya Kibo ina oksijeni asilimia 21 kama hewa ya Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unataka siku, si saa. Kutoka kibanda hadi kibanda unapanda karibu mita 1,000, na hizo ni nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye busara hulala Horombo usiku mara mbili: siku ya katikati anatembea hadi kwenye miamba yenye michirizi kama ya punda milia, anakaa kidogo, anarudi kulala chini. Wanaoifuta siku hiyo ili kuokoa pesa ndio wengi wao utakaowakuta Kibo wameshika vichwa.

Mandara na Horombo ni vijumba vya mbao vyenye umbo la pembetatu, paa likishuka hadi karibu na ardhi, vilivyojengwa kwa msaada wa Norway. Ndani kuna magodoro, taa ya sola, na nafasi ya kugeuka mtu mmoja mmoja. Chakula huliwa kwenye bwalo la pamoja: alasiri chai na bisi, jioni supu ya moto. Siku hizi Horombo kuna hata intaneti, TTCL waliifikisha mwaka 2022. Enzi za Wajerumani, Mandara ilipewa jina la Bismarck, na Horombo jina la Carl Peters, yule ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Majina ya leo ni ya mangi, yaani watawala, wawili wa Kichaga, na nadhani hakuna anayeyakumbuka yale ya zamani kwa hamu.

Kibo ni habari nyingine. Ni jengo la mawe, vyumba vina vitanda vya dabodeka kama bweni la sekondari, na maji hakuna. Kila tone la chai unayokunywa pale limepandishwa kutoka bondeni na wagumu, yaani wapagazi, kwa hiyo usiulizie bafu. Unafika alasiri, unalazimishwa kula ingawa hamu imekata, saa moja jioni unaambiwa ulale. Nani analala? Zipu za mifuko ya kulalia zinalia, mtu anakohoa, mwingine anavaa viatu kwenda chooni kwa mara ya tatu, maana mwinuko huongeza mkojo. Jirani yako anapumua harakaharaka, kisha kimya. Sekunde tano, kumi. Unajiandaa kumtikisa, mara anashtuka na kuvuta pumzi ndefu. Hajafa: ubongo, ambao hupimia pumzi kwa hewa chafu iliyomo kwenye damu, umechanganyikiwa kidogo. Nawe ukisinzia unafanya hivyohivyo.

Saa tano usiku mnaamshwa kwa chai, saa sita mnaanza kupanda. Usiku changarawe imeganda, inakanyagika; jua likichomoza huwa mpo karibu na Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, na mnapata muda wa kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kushuka mapema. Mkirudi Kibo mnapumzika kidogo tu, kisha mnateremka kulala Horombo siku hiyohiyo.

Adabu za vibandani ni chache. Taa ya kichwani elekeza chini, usimulike nyuso za watu. Panga mzigo kabla ya giza. Simu na betri lala nazo ndani ya mfuko, baridi huzimaliza. Na kichwa kikiuma sana au ukianza kutapika, mwambie kiongozi usiku uleule, usijikaze. Dawa yake ni kushuka, na atakushusha hata kama ni saa nane.

Kila kituo unasaini kitabu cha wageni: jina, umri, kazi, taifa. Linganisha mwandiko wako wa Mandara na ule wa Kibo.