Je, wajua kwa nini mzazi hufundishwa kunyamaza kwanza?

"Mama, hivi mtu akikukataza kuwa na marafiki, ndiyo anakupenda sana?"

Swali la namna hii huja wakati mbaya. Mama anakaanga samaki, mafuta yanaruka, au baba ndiyo kwanza ameshuka kwenye daladala kutoka Kariakoo, shati limelowa jasho. Jibu la wengi wetu liko tayari mdomoni: "Nani huyo? Ina maana una mwanaume wewe?" Binti atasema ni habari za rafiki yake wa darasani. Yameisha hapo, na huenda asiulize tena.

Ndiyo maana mafunzo mazuri ya kuwaandaa watu wazima wawasaidie vijana kuepuka ukatili wa kimapenzi hayakimbilii sheria wala orodha ya dalili. Huanza na uso. Mzazi anajifunza kusikia jambo la kushtua bila kukunja ndita, kisha akae kimya kidogo. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mwenzako anaigiza kijana, anatamka sentensi moja tu, na wewe mtu mzima mwenye wajukuu nusu dakika hujaimaliza umeshaanza kuhubiri.

Kimya hicho kina kazi, kwa sababu kijana hatoi habari yote kwa mkupuo. Huonja kwanza, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Yule "rafiki yangu" wa sentensi ya kwanza mara nyingi ni yeye mwenyewe, na sentensi ya pili hutegemea umeipokeaje ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa kati ya Watanzania wa miaka 13 hadi 24, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wapenzi walikuwemo miongoni mwa waliotajwa kufanya hivyo. Wasichana wapatao nusu hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana ilikuwa mbaya zaidi, na si ajabu: mvulana wa Manzese aanzie wapi kusema anapigwa au analazimishwa na mpenzi wake?

Hofu yenyewe ina historia. Mpaka Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi, binti aliyepata mimba katika shule ya serikali alifukuzwa. Wadogo zake waliona. Walijifunza kwamba mambo ya mapenzi yakifika kwa wakubwa, anayeumia ni aliyesema.

Kisha kuna simu, na hapo ndipo wazazi tunapojikwaa kuliko popote. Ukatili wa vijana siku hizi hauanzi na kofi. Unaanza na kudaiwa paswedi, na "mbona ulikuwa onlaini saa tano usiku", na kupigiwa video ili uonyeshe uko wapi na nani. Mtaani tunasema mapenzi bila wivu si mapenzi, kwa hiyo binti anahesabu udhibiti huo kama sifa. Au mpenzi anaanza na lifti ya bodaboda na chipsi mayai, halafu siku binti akikataa anakumbushwa hesabu: umekula hela zangu. Mzazi akigundua, hatua yake ya kwanza ni kumnyang'anya simu. Sasa angalia alichofanya: amemtenga na marafiki, amepekua meseji zake, amemwamulia aongee na nani. Ni yale yale ya yule mpenzi. Na meseji za vitisho ambazo zingekuwa ushahidi zimefungiwa kabatini au zimefutwa.

"Achana naye leo hii" nayo ina mtego wake. Wakati wa kuachana ndio mara nyingi vitisho hupanda, picha za siri husambazwa, mtu huviziwa njiani. Kwa hiyo mtu mzima aliyefundwa huuliza: unajionaje ukiwa naye? Unaogopa nini akijua umeniambia? Ukitoka shule unapita wapi, na nani? Binti anapanga pamoja naye, hapangiwi.

Lakini kunyamaza si kuficha, na hili wengi hulichanganya. Usimwahidi kijana kuwa hutamwambia mtu yeyote. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na akibakwa au akitishiwa maisha suala hilo haliwezi kuishia kibarazani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo hospitali haisubiri kikao cha ukoo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Mwambie mapema nani atajua, na kwa nini.

Je, msikilizaji lazima awe mama? Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, hawakumwachia mama kazi hiyo. Mwali alikuwa na kungwi, mwanamke mtu mzima aliyeweza kuzungumza yale ambayo mama na mwana wangeoneana haya. Sitaki kuupamba unyago. Mafunzo yake mengi yalikuwa ya kuvumilia na kumtuliza mwanaume. Lakini walijua jambo moja, kwamba anayependa sana hushtuka sana, na anayeshtuka sana hasikii. Shangazi, mwalimu wa madrasa, mama lishe wa karibu na shule, yeyote kati yao anaweza kufundishwa.

Hata kocha. Sacramento, jimbo la California, Marekani, makocha wa michezo katika shule 16 za sekondari walijaribiwa kwa njia hiyo. Waliofundishwa walizungumza na wavulana wao kwa dakika chache kila wiki, mazoezini, kuhusu kumheshimu mpenzi na kutonyamaza mwenzako anapomdhalilisha wake. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya miezi mitatu wavulana hao walikuwa wepesi kuwakemea wenzao kuliko wale wa makocha wasiofundishwa, ila ukatili wao wenyewe ulikuwa haujapungua kwa namna ya kuonekana. Tofauti hiyo ilijitokeza walipopimwa mwaka mmoja tangu jaribio lianze.