Jeraha la uti wa mgongo: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Bodaboda imegongwa barabara ya Malindi, mgema ameteleza mnazini, fundi ameanguka ghorofani. Baada ya wodi, mgonjwa anarudishwa nyumbani Kisauni au Likoni hapa Mombasa, na kila anayekuja kumjulia hali ana la kusema. Mengi ni ya nia njema. Baadhi yanaua.

"Kapandwa na jini."
Husemwa pale aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua anapoumwa kichwa ghafla, uso ukaiva, jasho likamtiririka, vinyweleo vikasimama. Watu hukimbilia ubani. Ukweli ni kwamba presha imepanda kwa kasi, kwa sababu kuna jambo linausumbua mwili chini ya jeraha: mara nyingi kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umejikunja. Mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, kagueni mpira kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko. Ikiwa si mkojo, huenda ni choo kilichokwama au kidonda. Hali isipotulia, hospitali hapo hapo, maana mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Kila anayeishi naye ayajue haya, na pa kuyauliza ni kwa wauguzi kabla hajaruhusiwa kutoka. Dua iendelee, lakini mpira uangaliwe kwanza.

"Mtu wa kulala hakosi vidonda."
Hukosa, akigeuzwa kila baada ya saa mbili kitandani na akiinuliwa makalio mara kwa mara akiwa kitini. Kagueni makalio, visigino na nyonga kila siku. Wekundu au weusi usioondoka ni onyo. Msipakande hapo, ondoeni uzito. Joto letu la Februari lina hatari zake: shuka lenye jasho hulainisha ngozi, na aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo hawezi kupoza mwili wake vizuri, kwa hiyo feni na kitambaa chenye maji si anasa.

"Hiyo ni kazi ya mkewe."
Hesabuni usiku mmoja: kugeuza saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Hakuna mwanamke anayeweza hayo mwezi mzima peke yake asiugue mgongo na moyo. Jirani akiuliza, "Mnahitaji nini?", msiseme "Tuombeeni" pekee. Mwambieni, "Tunahitaji mtu wa zamu ya saa nane." Wengi wanaopenda kusaidia hukosa tu kuambiwa la kufanya.

"Hatazaa tena."
Kwa kawaida mwanamke hubaki na uwezo wa kushika mimba, hata kama hedhi ilisimama miezi michache baada ya ajali. Mwanamume huenda akahitaji msaada wa daktari.

"Kumwandikisha ni kukubali kuwa hatapona."
Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu haizuii mazoezi wala matumaini. Humfungulia mwenye kipato njia ya kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali inaweza kuomba kuingizwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya kama hizo, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni haki yake, na aibu isiwazuie kuidai.

"Anayeweza kutusaidia ni daktari tu."
Daktari ni wa lazima, lakini nawasihi mumtafute pia mtu aliyetumia kiti cha magurudumu miaka mingi. Ulizeni kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, au kwa chama cha watu wenye ulemavu wa viungo chenye karakana pale Bombolulu. Atawaonyesha anavyojihamisha kutoka kitandani hadi kitini, anaponunua mipira ya mkojo kwa bei nafuu, anavyovuka feri, na ni dereva gani wa tuktuk asiyelalamika kukunja kiti. Mgonjwa apewe nafasi ya kuzungumza naye peke yake, kwa maana yako maswali ambayo hatayauliza mbele ya mama yake.