Namba ya Kipimajoto na Joto la Kahawa: Uzito wa Kahawa na Kasi ya Pipa Unapokaanga Nyumbani

Anayekaanga kahawa nyumbani kwa mashine ndogo ya pipa huona jambo la kutatanisha katika dakika mbili za mwanzo. Pipa limepashwa moto hadi nyuzi 200 za Selsiasi, kahawa mbichi imemiminwa, na namba ya kipimajoto kwenye kioo inashuka, pengine hadi karibu nyuzi 90, ndipo igeuke na kuanza kupanda. Kahawa yenyewe haikupoa hata kidogo, kwani iliingia na joto la chumba, tuseme nyuzi 25, na tangu hapo imekuwa ikipata moto tu. Kilichopoa ni ncha ya kipimajoto, ambayo ilikuwa katika hewa ya moto na ghafla ikafunikwa na punje baridi.

Ncha hiyo hupima joto lake yenyewe, nalo hutokana na kila kinachoigusa, yaani punje, hewa inayopita kati ya punje, na chuma kilichoishikilia. Kadiri inavyozama ndani ya kahawa ndivyo usomaji wake unavyokaribia joto la punje. Mashine ya gramu 500 ikitiwa gramu 200 tu, ncha huweza kubaki nusu nje, ikiguswa na punje chache, na hewa ikatawala usomaji. Hapo namba ya mwanzo haishuki sana, na mlio wa kwanza wa punje kupasuka, ambao katika mashine nyingi husomeka kati ya nyuzi 195 na 205, unaweza kuhama kwa nyuzi kadhaa ingawa kahawa ni ileile. Muuza kahawa wa pwani anayekaanga kwa kikaango na mwiko hapati shida hii, kwa sababu mlio, rangi na moshi hutoka kwenye kahawa moja kwa moja.

Kasi ya pipa huleta tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Pipa likizunguka polepole mno, punje hulala chini na kuungua upande uliogusa chuma. Kasi ikiongezwa, hubebwa juu upande unaopanda kisha huanguka, na lundo likaihama ncha, ambayo imefungwa mahali pamoja. Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 15, hesabu inaonyesha kwamba kwenye mizunguko 109 hivi kwa dakika punje huanza kunata ukutani bila kuanguka. Kwa pipa la sentimita 30 kikomo hicho ni takribani mizunguko 77. Ndiyo maana kasi ya mashine moja haifai kunakiliwa kwenye nyingine yenye kipenyo tofauti.

Inashauriwa kuchagua uzito mmoja na kasi moja, kukaanga mara tatu bila kuvibadili, na kuandika namba inayosomeka mlio wa kwanza unapoanza. Hiyo ndiyo alama ya mashine yako kwa uzito na kasi hiyo. Ukipunguza kahawa, itafute upya. Kipimajoto chenyewe kinaweza kukaguliwa katika maji yanayochemka, ambayo Dar es Salaam yatasoma nyuzi 100 na Moshi, kwa sababu ya mwinuko, karibu 97. Kikifaulu hapo na bado namba zikayumba, kabla ya kununua kingine futa mafuta na maganda yaliyoganda kwenye ncha, kisha uitazame mizani, kwani huenda uzito wa kahawa ndio uliobadilika.