Shambulio la hofu na shambulio la pumu: kuyatambua na kuyakabili ndani ya kikao cha tiba

Tunasema shambulio la hofu, na tunasema shambulio la pumu. Neno ni moja, na anayeshikwa naye hulalamika kwa maneno yale yale: "Nakosa pumzi, kifua kinabana." Yanayotokea mwilini, hata hivyo, ni mambo mawili tofauti. Mwenye pumu anayehudhuria tiba ya mazungumzo anaweza kupatwa na yote mawili akiwa kwenye kiti kile kile, tena kwa wakati mmoja.

Shambulio la hofu ni woga mkali unaopanda ghafla. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, mikono hutetemeka, na mtu huhisi kwamba anakufa au anarukwa na akili. Kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha huanza kushuka. Mirija ya hewa huwa iko wazi muda wote huo. Shida ni kwamba anahema kupita mahitaji ya mwili, hivyo anatoa kaboni dioksaidi nyingi mno. Damu ikipungukiwa na hewa hiyo, vidole na midomo huingia ganzi na kichwa huwa chepesi. Ndiyo maana kadiri anavyovuta hewa ndivyo anavyozidi kuhisi haimtoshi.

Kwenye pumu, misuli ya mirija hujikaza, kuta huvimba na makohozi huziba njia. Hewa iliyokwisha kuingia ndiyo inayopata taabu kutoka. Sikiliza anapotoa pumzi: hutoka taratibu, kwa mlio kama wa filimbi, na mara nyingi huandamana na kikohozi. Ganzi ya vidole, au hisia kwamba chumba si cha kweli, huelekeza zaidi kwenye hofu.

Ishara hizo husaidia, lakini hazitoshi. Kifaa cha kupima nguvu ya pumzi husaidia zaidi. Mtu hupuliza kwa nguvu mara tatu, na namba ya juu ndiyo inayochukuliwa, kisha inalinganishwa na kiwango chake bora anapokuwa mzima. Chukua mtu ambaye kiwango chake bora ni 400 (lita za hewa kwa dakika). Akipuliza 380, mirija yake haijabana sana. Akipuliza 280, ameshuka hadi asilimia 70, na huenda pumu imo. Chini ya 200, yaani chini ya nusu, ni dharura. Tahadhari moja: anayetetemeka kwa hofu anaweza kupuliza ovyo akapata namba ndogo isiyo ya kweli. Namba nzuri inaaminika kuliko mbaya, na mbaya isipuuzwe.

Mkishindwa kutofautisha, anzeni na pumu. Dawa ya kufungua mirija ikitumiwa na mtu aliyekuwa na hofu tu, kwa kawaida itamwongezea mapigo ya moyo na mtetemeko wa muda. Shambulio la pumu likichukuliwa kuwa ni hofu tu, linaweza kuua.

Kwa hiyo mazungumzo yasimame. Mtu akae wima, asilale chali, na alegeze nguo iliyobana. Afuate mpango alioandikiwa na daktari wake. Kama hana mpango na inhela yake ni ya salbutamol, dawa ya kufungua mirija haraka, aitikise, kisha avute mpulizo 1 kila baada ya sekunde 30 hadi 60, isizidi mipulizo 10. Akiwa na chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela, akitumie, kwa sababu bila hicho dawa nyingi huishia kooni, hasa kwa mtu anayehema mbio. Asipopata nafuu baada ya mipulizo 10, au akizidi kuzidiwa kabla ya hapo, iteni gari la wagonjwa. Iteni mara moja iwapo hawezi kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi ya bluu au kijivu, au filimbi imekatika ghafla huku bado anahangaika kupumua. Kifua kilichonyamaza namna hiyo kinaweza kumaanisha kwamba hewa haipiti tena.

Ikishahakikishwa kwamba pumu haipo au imetulia, ndipo hofu ishughulikiwe. Hapa wasaidizi wengi hukosea kwa nia njema: "Vuta pumzi ndefu!" Anayehema kupita kiasi hahitaji hewa zaidi. Mwambie avute kidogo kwa pua huku unahesabu hadi 4, kisha atoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto, hadi 6. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi kusitumike kamwe kwa mwenye pumu, maana hupunguza oksijeni kwa mtu ambaye huenda tayari haimtoshi.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa tiba wanapaswa kuliangalia kwa makini. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David M. Clark alieleza kwamba shambulio la hofu hukolezwa na tafsiri: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, akalisoma kama balaa, hofu ikapanda na badiliko likakua. Tiba inayotokana na wazo hilo humsaidia mtu aache vitu anavyovishikilia kama kinga. Inhela isiingizwe kwenye orodha hiyo. Kinachofundishwa ni kupima kwanza pale inapowezekana kisha kutumia, si kuiacha nyumbani. Vivyo hivyo mazoezi ya tiba hiyo ya kuhema makusudi au kupumua kwa mrija mwembamba ili mtu azoee hisia za hofu: yanaweza kuamsha pumu, kwa hiyo yangoje ruhusa ya daktari, pumzi ipimwe kabla na baada, na inhela iwe mezani.

Dawa nazo zitajwe mapema. Propranolol, ambayo baadhi ya watu hupewa kutuliza mapigo ya moyo wakati wa hofu, inaweza kubana mirija ya mwenye pumu. Anayeandikiwa dawa ya wasiwasi lazima aseme kwamba ana pumu. Chumba pia kina sehemu yake: manukato makali, vumbi la zulia, ubani. Kilio kirefu chenyewe huweza kuamsha pumu, na kwenye tiba watu hulia.

Tukio likipita, liandikwe siku hiyo hiyo: saa, mada iliyokuwa ikizungumzwa, namba ya pumzi kabla na baada, na idadi ya mipulizo. Namba zikiwa zinashuka kila baada ya kilio, karatasi hiyo apelekewe daktari wa pumu. Zikibaki 380 au 390 huku mtu anaapa kwamba anakabwa koo, basi iletwe kwenye kikao kinachofuata, iwekwe mezani, na mazungumzo yaanzie hapo.