Mtoto si mzito, jina ndilo halijafika

Juzi tena. Baba mmoja alikuja kumchukua mwanawe darasa la awali, akatukuta mkekani tunacheza Dobble, mchezo wa karata ambao unatafuta picha iliyo kwenye karata mbili na kuitaja kabla ya mwenzako. Akasimama mlangoni kidogo, kisha: "Mwalimu, huyu wangu mzito, eh? Wenzake wanambebea karata zote." Mtoto anasikia. Nikamkaribisha mzee naye acheze. Raundi ya pili tu akaapa kwamba karata mbili zilizo mbele yake hazina picha inayofanana, kiwanda kimekosea.

Kiwanda hakijakosea. Seti ya kawaida ina karata 55 za duara, kila moja picha 8, na ukishika mbili zozote zitakuwa na picha moja ya pamoja. Si mbili, wala si sifuri. Seti ya watoto ina karata 30, kila moja na wanyama 6, kanuni ni ileile. Picha ipo, baba, tafuta.

Sasa hilo neno "mzito". Kutazama ni sehemu ndogo ya kazi. Picha ileile huku ni kubwa kama kifuniko cha chupa, kule ni ndogo kama punje ya mahindi, tena imepinduliwa miguu juu. Mtoto akishaitambua, bado hajapata kitu: sharti alitaje jina kabla ya mwenzake. Hapo ndipo wanangu wengi hukwama. Tazama vidole vyao, usisikilize midomo tu. Kidole kimeshatua kwenye picha, macho yanang'aa, mdomo uko wazi, neno hakuna. Jirani anapiga kelele "kaktasi!" na karata imekwenda.

Na neno atalitoa wapi? Mchezo ulitoka Ufaransa mwaka 2009. Humo kuna mtu wa theluji, nyumba ya barafu, jani la bendera ya Kanada. Sisi tuko Tanga. Mmoja wangu humwita mtu wa theluji "mdoli wa unga", jina zuri kuliko langu, ila kulitunga kulimla sekunde mbili, na kwa mchezo huu sekunde mbili ni nyingi mno. Mwingine kitu anakijua vizuri sana kwa Kisambaa, anahangaika kukivusha kije Kiswahili.

Kwa hiyo siku hizi tunazipitia picha kwanza na kukubaliana majina, la nyumbani ruksa. Au tunacheza kwa kidole tu, kimya. Tulipoanza kimya, aliyekuwa wa mwisho kila siku akawa anabeba rundo. Yule aliyeitwa mzito ndiye huyo.

Ila nami nisijifanye najua sana. Kuna binti nilimtetea muhula mzima, nikimwambia mama yake asubiri, maneno yatakuja. Kumbe alihitaji miwani. Bado naona aibu. Na wakiniuliza kama mchezo huu unaongeza umakini, nasita: naona watoto wakiwa hodari wa Dobble, lakini wakati wa hadithi bado wanachungulia dirishani kama zamani.

Kama bei inakushinda, kata boksi. Karata 7, picha 3 kila moja: kuku, samaki, ndoo; kuku, embe, kobe; kuku, jua, kiatu; samaki, embe, jua; samaki, kobe, kiatu; ndoo, embe, kiatu; ndoo, kobe, jua. Vitu ambavyo mtoto wako anavitaja hata usingizini. Chora kila kimoja kwa ukubwa tofauti, vingine vipindue. Usijaribu kuongeza karata ya nane kwa picha hizohizo saba. Nilikesha nayo usiku mmoja, haikubali.