Utumishi wa pamoja kwa ofisa wa Walinzi wa Pwani

Utumishi wa pamoja ni kipindi ambacho ofisa hutoka kwenye jeshi lake na kupangiwa kazi katika kamandi inayochanganya majeshi kadhaa. Cheo na sare habadilishi, ila amri za kila siku huzipokea kwa kamanda wa huko.

Nchini Marekani suala hili lina upekee wake. Walinzi wa Pwani ni jeshi kamili kisheria, lakini tangu 2003 wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, si Wizara ya Ulinzi. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 ilifanya utumishi wa pamoja kuwa sharti la kupanda hadi ujenerali au uadmirali katika majeshi ya Wizara ya Ulinzi. Walinzi wa Pwani hawakubanwa na sharti hilo. Kwa nini basi waende?

Wanahitajika kwa sababu ya mamlaka waliyonayo. Manowari inaweza kuifukuza boti ya dawa za kulevya hadi kuifikia, lakini mabaharia wake hawaruhusiwi kufanya kazi ya polisi. Mlinzi wa Pwani ni mwanajeshi na ni mkamataji halali pia. Kwa hiyo timu yao ndogo husafiri ndani ya manowari, na saa ya kukamata ikifika, manowari hiyo kubwa hupandisha bendera ya Walinzi wa Pwani na kufuata amri yao. Huo ndio ushirikiano wa kweli: kila mmoja analeta asichokuwa nacho mwenzake.

Kituo kinachojulikana zaidi kipo Key West, Florida, kwenye kikosi kazi kinachofuatilia magendo ya kokeini kutoka Amerika Kusini. Kwa desturi kamanda wake ni admirali wa Walinzi wa Pwani. Wengine wako Bahrain, ambako boti zao za doria hufanya kazi pamoja na Kundi la Tano la meli za kivita (Fifth Fleet) la wanamaji wa Marekani. Hiyo inatugusa sisi moja kwa moja, maana heroini inayopakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, huteremka hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji.

Ofisa hulipia nafasi hiyo kwa miaka ya kukaa mbali na meli, na katika jeshi dogo kama lile, kuongoza meli kuna uzito mkubwa. Naona ni busara aende akiwa ameshaongoza chombo chake mwenyewe. Huko kwenye kamandi, maofisa wa jeshi la nchi kavu na la anga watamtegemea yeye awaambie bahari inaruhusu nini na sheria inakataza nini.